Taa ya Ulenge Sikuiwasha Mimi

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Sauti ya Najat! Kwenye simu. Dakika moja na sekunde kumi na mbili. Miaka sita sijaisikia.

Nilikuwa nachambua mchele. Simu ikalia mlio wa ujumbe, nikadhani ni wale matapeli wa "umeshinda zawadi". Jina hakuna, namba ya Kenya tu. Nikabonyeza. Asalaam aleykum Baba, ni mimi Najat. Mchele nusu nimeumwaga sakafuni.

Anasema hivi: watakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nne, kwa mpaka wa Horohoro. Watalala siku mbili. Mtoto wake ana miaka mitano sasa na amemshikilia, anataka kuuona mnara wa taa wa babu yake. "Nimemsimulia wewe ndiye uliyekuwa ukiiwasha."

Ya Rabi. Mnara wa babu yake!

Niandike kweli humu, maana nani atasoma? Sijawahi kuiwasha taa ya Ulenge. Kisiwa chenyewe sijawahi kukikanyaga. Miaka thelathini na minne bandarini nilikuwa karani wa tali. Nasimama gatini na ubao, meli inapakia, nahesabu marobota ya katani, naweka vijiti vinne na cha tano nakata. Basi. Ila Najat alipokuwa na umri kama wa huyo mwanawe, jioni moja tumekaa ufukweni Raskazone, akaniuliza, Baba, kazini kwako unafanya nini? Wakati huohuo taa ikawaka kule mbali. Nikasema, unaiona ile? Ninayeiwasha ni mimi. Akauliza, na leo kaiwasha nani? Nikasema leo nimemwachia msaidizi.

Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile alivyonitazama. Si kabla, si baada. Ningemwambiaje tena habari za marobota?

Nimemjibu baada ya Alasiri. Nimeandika na kufuta mara nane. Mwisho nikatuma neno moja: Karibuni. Karibuni! Kama ubao wa mkahawa. Mzee mzima.

Jumanne, 3 Desemba

Nimefua mapazia. Nimeanika magodoro. Nimekuta kanga ya marehemu mke wangu Chiku nyuma ya kabati, nikaikunja, nikairudisha palepale.

Tausi jirani, anayekaanga vitumbua barazani kwake, kachungulia uani. Baba Najat, unahama ama unaoa? Nikamwambia nina wageni. Wageni gani, kauliza, wewe hata paka wako alikuhama. Nikamwambia ni Najat, na mtoto wake. Akanyamaza. Tausi kunyamaza si jambo dogo, Makorora nzima inajua. Kisha akasema, majuto ni mjukuu, na wako wewe anakuja kwa miguu yake.

Nimefunga mlango. Ana mdomo yule mama.

Mto wa tatu sina.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeamua. Siku kumi zipo. Nitakwenda kisiwani mwenyewe nikausome mnara kama mtu anavyosoma kwa mtihani. Ngazi, mlango, taa ilivyo, mafuta yaliwekwa wapi. Wakija, nitawaongoza kama mwenyeji. Na sehemu nyingine pia nitazipitia moja moja, Amboni, Tongoni, nijue ipi inamfaa mtoto.

Kwa nini nisimwambie ukweli? Mama yake nimeshamwangusha mara moja. Mara ya pili sithubutu.

Nimekwenda Sahare kutafuta boti ya mashine. Nimempata mtu anaitwa Uweso. Mpole, mwenye kofia ya sufu jua kali namna hii. Nimemwambia kesho tuondoke saa mbili asubuhi, turudi saa sita. Akakuna kidevu. Mzee, saa sita maji yatakuwa yametoka, bamvua hii bado haijakatika, tutakaa juu ya matope. Nikamwambia mimi nimefanya kazi bandarini miaka thelathini na minne. Akasema haya, mgosi, wewe ndiye mwenye safari.

Alhamisi, 5 Desemba

Maji yalitoka. Yalitoka yote! Saa sita kasorobo boti imelala ubavu na sisi tuko kisiwani mpaka Alasiri.  Uweso alijilaza kivulini, kofia usoni. Angesema tu. Nami nilipaswa kumwambia umesema kweli, nimekosa. Lilifika kooni likarudi. Nimemwambia eti siku hizi bahari imebadilika.

Lakini niandike kwa mpangilio.

Kisiwa kimejaa mikoko, unapita katikati yake viatu mkononi. Mnara ni wa Wajerumani. Kwa mbali ulionekana mweupe, kwa karibu chokaa imebambuka na mtini umeota ukutani, mizizi imeingia kwenye nyufa. Mlango una kufuli. Nikapiga hodi. Kuupigia hodi mnara! Akaja mtu kutoka nyuma na panga na ndoo. Anaitwa Timotheo, mtu wa Bumbuli, amepewa kazi ya kuangalia pale. Kanitolea shikamoo, kanifungulia bila maswali. Nadhani wageni hapati.

Nikapanda. Nilikuwa nahesabu ngazi, nikapotea njiani, nikaanza upya, nikapotea tena. Mimi, karani! Magoti yanalia. Juu kuna upepo na kinyesi cha ndege, na taa.

Taa yenyewe ni ndogo kama sufuria ya chai. Inakula jua. Giza likiingia inawaka, kukipambazuka inajizima. Haiwashwi na mtu. Nikamwuliza Timotheo, zamani je? Zamani sijui mzee, mimi nimekuja mwaka juzi. Kazi yangu kufuta ile sola na kukata miti. Kwa nini wauliza?

Nikamwambia naandika kitabu. Uongo mwingine! Unatoka wenyewe siku hizi. Tukashuka, akapika muhogo kwa dagaa, na jinsi alivyonichagulia vipande visivyo na mzizi nikaona aibu. Nikamweleza yote. Raskazone, msaidizi, mjukuu, yote. Nilidhani atacheka. Akakwangua sufuria, akasema, mzee wangu, wanangu kule Bumbuli wanajua baba yao ni askari mwenye bunduki. Likizo narudi nao wananipigia saluti. Nifanyeje?

Tukakaa. Nikaswali Adhuhuri kwenye gunia lake, yeye akaizima redio mpaka nikamaliza. Tumeongea habari za migomba, za magoti, za mkewe Bertha ambaye hataki kabisa kuteremka pwani kwa sababu ya joto. Saa nne nzima nimeongea na mtu. Nimerudi nyumbani sauti imenikauka. Sikumbuki siku nyingine mwaka huu ambayo imenikauka kwa kuongea.

Ijumaa, 6 Desemba

Swala ya Ijumaa. Mimi huswali safu ya nyuma karibu na mlango, ni miaka sita sasa. Watu wanadhani nawahi kutoka. Ni kwamba mbele siwezi kukaa.

Niandike na hili. Tangu liliponitokea sijaliandika popote.

Ilikuwa mwaka 2018, baada ya Alasiri, msikiti huuhuu. Posa nilishaipokea, mahari yalishatolewa, kahawa na halua ziko nje. Kazi yangu moja tu: mimi ndiye walii wa kumwozesha Najat. Sheikh akaniambia shika mkono wa Sele, bwana harusi. Nikaushika. Mkono wa moto, umejaa jasho, una harufu ya samaki ambayo hakuna sabuni ya kuitoa, maana Sele ni dereva wa magari ya samaki, mtoto wa Kigombe. Sheikh akaniambia sema, nimekuoza binti yangu Najat. Kimya. Akarudia. Kimya. Akarudia ya tatu. Nikauachia ule mkono. Nikainuka, nikatoka mbele ya watu wote, na kwa kuchanganyikiwa nikavaa kobazi za mtu mwingine.

Nilisema baadaye kwamba Sele hakusoma. Kwamba binti yangu ni muuguzi mwenye diploma. Nimelisema hilo kwa kila mtu mpaka nikaliamini. Wala Sele hakuwa na kasoro. Chiku alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na mle msikitini, mkono wa yule kijana ndani ya wangu, nikaiona nyumba. Vyumba vitatu, na mimi peke yangu ndani yake. Sikumkataa Sele. Niliikataa ile nyumba.

Wakavuka mpaka, kadhi wa Mombasa akawaozesha. Na nyumba nimebaki nayo hivyohivyo.

Zile kobazi sijawahi kujua ni za nani. Hakuna aliyekuja kudai.

Jumapili, 8 Desemba

Amboni, mapangoni. Mlangoni binti mwongozaji, Anjela, kauliza, mko wangapi? Nikasema mmoja. Akatazama nyuma yangu kama kuna wengine wanakuja.

Kaniunganisha na familia moja ya Korogwe. Baba, mama, watoto wanne, bibi. Anjela anaeleza vizuri, ana tochi kubwa. Anasema watu wa zamani waliamini njia ya ndani inafika Mombasa. Nikamwuliza kwa miguu ni muda gani. Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini nilikuwa nauliza kweli.

Mle ndani ni popo tupu. Mtoto mdogo wa ile familia kalia mpaka tumetoka. Amboni hapana.

Nje wakanipa simu niwapige picha. Nikawapiga tatu. Bibi yao akasema na wewe njoo uingie babu, halafu baba mtu akasema gari linaondoka.

Jumanne, 10 Desemba

Tongoni. Msikiti wa kale, makaburi yenye nguzo. Pazuri, pametulia, nyasi zimefyekwa. Nimezunguka nusu saa, nimetia saini kitabu cha wageni, na pale kwenye maoni nikaandika "Pametunzwa". Ndipo nikajiuliza, nani huyo anayempeleka mtoto wa miaka mitano kutembea makaburini? Tongoni nayo nimeifuta.

Basi ni mnara tu.

Alhamisi, 12 Desemba

Tausi kaleta mto. Mpya, bado una karatasi. Eti aliununua kwa makosa. Hakuna mtu anayenunua mto kwa makosa.

Nimejifunza hotuba. Nimesimama mbele ya kioo: "Zamani, mjukuu wangu, taa hii ilitumia mafuta. Babu akipanda na kopo mkono huu, na kiberiti mkono huu. Kwanza nafuta kioo, kisha nakata utambi." Si mbaya. Mikono inapendeza. Nimepata habari za utambi kwa mzee mmoja fundi wa karabai barabara ya nane.

Ila nikikaa chini nakumbuka sijui hata jina la mtoto. Miaka mitano. Sikuuliza, na sasa kuuliza ni aibu. Ningemwandikia Najat, mwanao anaitwa nani? Utamwandikiaje mtu hivyo!

Jumamosi, 14 Desemba

Nilifika Horohoro saa tatu. Walisema saa tano. Kanzu nyeupe, kofia ya viua. Nimesimama karibu na geti la magari mpaka askari kaniambia mzee kaa kivulini, hawaji haraka kwa kuwa wewe umesimama.

Saa sita na robo. Pikapu ya samaki, kreti tupu nyuma. Anashuka Sele. Kanenepa, ndevu zimemjaa. Anazunguka upande wa pili, anafungua mlango, anamteremsha mtoto wa kike, gauni la njano, nywele mabutu mawili. Nikangoja mlango ufunguke tena.

Haukufunguka.

Shikamoo baba. Nikasema marahaba. Ilitoka yenyewe, sikuwa nimeipanga. Nikamwuliza yuko wapi. Sele akatazama kule alikotoka. Yuko Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yangu. Tumekuja naye mpaka dirisha la pasi. Hakuvuka.

Kilomita ngapi pale? Hata mbili hazifiki. Na mimi sina pasi, sina hati, sina karatasi yoyote ya kuvukia. Siku kumi na mbili nimefua mapazia na kusoma mnara, sikufikiri kwamba huenda mimi ndiye nitakayetakiwa kwenda.

Sele akamwambia mtoto, msalimie babu. Akanibusu mkono. Shikamoo babu. Nikamwuliza, unaitwa nani? Akashangaa, akamtazama baba yake. Chiku.

Nilimgeukia askari nikajifanya namwuliza kitu. Nisingeweza kusimama vile usoni mwao. Alimpa jina la mama yake, na mimi kwa miaka mitano sikuwa najua kwamba kuna Chiku duniani.

Njiani tulikaa watatu mbele, mtoto katikati. Anaongea yeye tu. Skuli yao ina bembea. Ticha wao ana gari jekundu. Mimi na Sele tunatazama barabara.

Makorora Sele katoa begi la mtoto, kaliweka barazani, kabaki chini ya ngazi. Akasema, mimi nitalala Kigombe kwa mama. Alikuwa anangoja neno karibu. Kila mtu angejua alikuwa anangoja. Nililisema kichwani, nikalisema tena, na gari likawashwa.

Mtoto kala wali, kamwaga chai, kauliza mama anakuja lini. Tausi kamsuka upya. Sasa kalala, mto wa Tausi kaukumbatia.

Jumapili, 15 Desemba

Leo mwezi umepevuka, bamvua tena, maji yanajaa na kutoka sana. Uweso aliponiambia tuondoke saa nane na tuwe tumerudi kabla ya Magharibi, nikasema saa nane. Akanitazama mara mbili chini ya ile kofia.

Sele alikuja Sahare moja kwa moja. Alimbeba Chiku kuvuka mikoko, mimi nyuma yao na viatu vyangu. Timotheo alikuwa amenyoa ndevu! Amefagia njia, na ule mtini ukutani ameukata. Kaniamkia mbele yao kwa sauti, mkubwa wa kazi, karibu tena kwenye mnara wako. Kaninong'oneza, nimeweka kopo kule juu. Masikini Timotheo. Kopo la mafuta ya kula.

Tukapanda wote wanne. Chiku mbele, hachoki. Juu akashika chuma kwa mikono miwili akaangalia bahari, akaangalia ile taa ndogo, akaniangalia mimi. Babu, uliwasha vipi?

Nikaanza. Zamani, mjukuu wangu, taa hii ilitumia mafuta. Mkono huu kopo. Mkono huu kiberiti. Chiku mdomo wazi. Jicho lilelile la mama yake! Lilelile, na pembeni Timotheo ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake, kama nadhani afanyavyo wanawe wakimpigia saluti. Nikafika kwenye utambi. Nikasema, kisha nakata. Nikakwama.

Sikuwasha mimi, nikasema.

Nani basi?

Watu wengine. Siwajui. Babu alikuwa karani, alikuwa anahesabu.

Unahesabu nini?

Katani. Marobota.

Mpaka ngapi?

Mpaka meli ijae.

Akafikiri. Akasema hata yeye anajua kuhesabu, mpaka mia. Nikamwambia siamini. Basi tukashuka tunahesabu ngazi, na alipofika thelathini na tisa akarukia hamsini, nami nikamfuata hivyohivyo. Idadi ya ngazi za mnara wa Ulenge bado siijui.

Hakujali! Mambo niliyoyabeba kama gunia, mtoto hakujali hata kidogo.

Kwenye boti akalala mapajani mwa Sele. Sele akasema bila kunitazama, baba, Najat anajua. Tangu darasa la nne. Mama yake alimtuma akuletee chakula getini bandarini, akakuona gatini na ubao wako. Akamwachia mlinzi lile hotpoti akarudi. Nikamwuliza, mbona hakuniambia? Sele akajibu: Anasema ungekasirika.

Miaka ishirini na miwili. Mtoto wa miaka kumi aliuchukua uongo wangu akanifichia, kwa kuogopa nitakasirika. Na ni kweli ningekasirika. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ni kweli.

Nikamwuliza na lile jingine. Kwa nini hakuvuka? Aliiweka pasi dirishani, Sele akasema, halafu akaichukua. Akasema, na akiuachia tena mkono mbele ya watu?

Uweso alizidisha mwendo. Mashine ilipiga kelele, ikawa heri, maana nililia na hakuna aliyesikia. Nilipoweza kusema nikamwambia Sele leo asiende Kigombe, chumba kipo. Akasema ahsante baba. Hayo tu. Tumekula sahani moja, Chiku katikati anachagua nazi kavu na kuitupa kwangu.

Jumatatu, 16 Desemba

Horohoro tena, saa nne asubuhi. Naandika magotini, kwenye benchi, watu wananichungulia.

Nilimwambia Sele nitawasindikiza. Njiani nikamwambia nitavuka. Akapunguza mwendo akaniangalia, akaongeza tena.

Hati ya muda inatolewa hapahapa, unajaza fomu. Fomu! Maisha yangu yote ni fomu. Jina, nimejaza. Mahali pa kuzaliwa, nimejaza. Kazi: nimeandika karani, mstaafu. Sababu ya safari. Hapo nikakwama. Nikaandika Matembezi. Nikakata. Nikaandika Kuona familia. Nikakata, maana familia nimeiona wapi mimi? Ofisa, dada mwenye hijabu ya bluu, kifuani kaandikwa Samiha, akanipa fomu nyingine. Mzee wangu usinimalizie karatasi, watu wanangoja.

Wanangoja kweli. Foleni nyuma yangu mpaka mlangoni. Sele nje kwenye gari, Chiku anapiga honi.

Nikaandika: Kuozesha binti.

Samiha akasoma. Hongera mzee, harusi lini? Nikamwambia mwaka elfu mbili na kumi na nane. Akaweka kalamu chini. Binti ana umri gani? Thelathini na mbili, mtoto wake ndiye huyo anayepiga honi. Akanitazama mimi, akaitazama fomu. Mzee, kaa pale kwenye benchi kwanza, nimwite mkubwa wangu.

Nimekaa. Ningeweza kuomba fomu ya tatu niandike Matembezi, wangeshanipa hati zamani. Sitaki. Kwa mara ya kwanza nimejaza kitu sawasawa.

Sele kaingia kuuliza kuna tatizo gani. Nimemwambia hakuna, mpigie Najat mwambie asogee dirishani. Kasema keshampigia. Yuko njiani na pikipiki.

Mkubwa mwenyewe katoka. Mtu wa makamo, miwani, fomu yangu mkononi, wala hakunisogelea. Anauliza akiwa palepale kaunta, kwa sauti, foleni nzima imegeuka: mzee Masoud, binti wa mwaka elfu mbili na kumi na nane, miaka sita yote ulikuwa wapi?

Nafunga daftari, nisimame nimjibu.